Kubadilisha Mafuta ya Giaboksi katika Gari la Zamani

Katika barabara za Goma zilizojaa mawe ya lava, dereva hubadilisha gia mara nyingi kuliko anavyodhani, na gari la zamani ambalo mafuta yake ya giaboksi yamechoka huonyesha dalili mapema: gia huwa ngumu kuingia, hasa asubuhi.

Endesha gari kwa takribani dakika 15 ili mafuta yapate joto na kutiririka vizuri, kisha liinue na kuliweka juu ya stendi imara, likiwa sawa mbele na nyuma, kwani jeki peke yake haiaminiki hata kidogo. Fungua kwanza bolti ya kujazia, wala si ya kumwagia: ukimwaga mafuta yote ndipo ugundue kwamba bolti ya juu imeshikwa na kutu, gari halitaondoka hapo. Kisha fungua ya chini. Unga laini wa chuma kwenye sumaku yake ni jambo la kawaida, lakini vipande vya meno ya gia vinahitaji fundi.

Mafuta yakiisha kumwagika, rudisha bolti ya chini kwa pete mpya ya kuzuia kuvuja. Kuhusu aina ya mafuta, fuata kitabu cha gari. Magari mengi ya zamani hutaka GL-4, ambalo ni daraja la mafuta ya gia, na baadhi ya mafuta ya daraja la GL-5 hula shaba ya sinkronaiza, yaani pete zinazosaidia gia kuingia kwa ulaini. Jaza kwa mpira na pampu ndogo mpaka yaanze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Mafuta machafu yafungie kwenye kidumu, yasifike kamwe Ziwa Kivu.