Kadi ya Ubalozi Ikikukuta Likizo Tanga

Umerudi Tanga likizo, na ubalozi wa nchi unayoishi umekualika Dar es Salaam kwenye hafla ya siku yake ya taifa. Nenda. Wewe unayeijua nchi yao na yetu ni mgeni wanayemhitaji kweli.

Kwanza isome kadi kwa utulivu. Wajerumani wanaadhimisha 3 Oktoba, siku walipoungana tena mwaka 1990; Wafaransa 14 Julai. Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, kwa miaka mingi ilikuwa 18 Novemba, na tangu 2025 ni 20 Novemba. Lakini hafla yenyewe huweza kuwekwa siku nyingine, kwa hiyo fuata kadi. Na saa pia. Mjomba wangu wa Chumbageni alisomewa kwa simu "12:00", akajiandaa kwa jioni, kumbe ni saa sita mchana. Ikiandikwa 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni, na muda huo Dar ni wakati wa Magharibi. Kama unaswali, jua mapema utaswalia wapi. Angalia pia mahali: mara nyingi si ofisini bali nyumbani kwa balozi au hotelini.

Jibu mwaliko kabla ya tarehe waliyoomba. Kwenye walima, karamu ya harusi, kule Ngamiani mtaa mzima unakaribishwa, lakini huku mlangoni kuna orodha, na jina lililoandikwa ndilo linaloingia. Usimchukue binamu ukitumaini mtaelewana na walinzi, utamwaibisha bure. Beba pasipoti au kitambulisho, acha begi kubwa. Zawadi haitakiwi, hata kapu la machungwa ya Muheza.

Mavazi ni suti, gauni la heshima au baibui. Mimi napendelea kanzu safi, koti na kofia ya viua; ni vazi rasmi kwetu, na ukilivaa hulazimiki kujieleza sana.

Penye mtihani ni mlangoni. Balozi na mwenzi wake husimama kupokea watu, na nyuma yako wapo wengine wengi. Sisi tumelelewa kumjulia mtu hali, watu wa nyumbani na safari, na kukatisha salamu tunaona ni utovu wa adabu. Pale adabu ni kutopoteza muda wa aliye nyuma yako: taja jina, mpongeze kwa siku ya taifa lao, sogea. Kama hushikani mkono na asiye maharimu wako, weka mkono kifuani na uiname kidogo. Wanadiplomasia wanalielewa hilo vizuri.

Nyimbo mbili za taifa zikipigwa, simama wima, simu mfukoni. Baada ya hotuba za balozi na mgeni rasmi, glasi huinuliwa kutakiana heri. Inua yako hata kama ni ya maji au juisi. Chakula mara nyingi ni vitafunwa vya kuliwa kwa kusimama, kwa hiyo kula kidogo kabla, na uliza nyama ni ya nini.

Ukiulizwa unatoka wapi, usiishie "Tanzania". Sema Tanga, na mazungumzo yatafunguka. Mjerumani mweleze reli iliyoanza kujengwa kwetu mwaka 1893, au mkonge ulioletwa mwaka huohuo, ambao miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini. Mwingereza au Mhindi, vita vya Tanga vya Novemba 1914, Waingereza na askari wao wa Kihindi walipopigana na Wajerumani, na makaburi ya askari ambayo bado yapo mjini kwetu. Shida ya viza usiitaje usiku huo. Ina dirisha lake ofisini.

Ondoka kabla ya muda ulioandikwa kwisha, ukimshukuru mwenyeji kama bado yupo karibu. Usiku lala kwa jamaa Dar. Asubuhi tuma ujumbe mfupi wa shukrani, kisha ndipo uende stendi ya Mbezi ukapande basi la Tanga.