Zamu za Wakala na Likizo ya Watoto: Namna ya Kupanga Kiangazi kwa Muuguzi Aliyeko Uingereza

Muuguzi anayefanya kazi kwa zamu za wakala (kampuni inayopeleka wauguzi kwenye wodi zenye upungufu) hapa Uingereza hukutana kila mwaka na jambo moja gumu: miezi ambayo zamu ni tele ndiyo miezi ambayo watoto wake wako nyumbani. Julai na Agosti wauguzi wa kudumu wenye watoto huchukua likizo, wodi hubaki na mapengo, na simu ya wakala huanza kuita kabla chai haijaiva. Mwenye ajira ya kudumu hukaa ufukweni huku mshahara wake ukiendelea kuhesabika. Sisi hatuna wa kututilia saini fomu ya likizo, hivyo kila siku ya kutoka na watoto huonekana kama ujira uliotupwa. Niliishi na hesabu hiyo kwa miaka kadhaa mjini Leicester kabla ya kutambua kosa langu. Nilikuwa nikimpa wakala siku zangu kwanza, kisha familia ikagawiwa makombo. Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kuugeuza utaratibu huo.

Tahadhari moja itangulie. Aliyeingia nchini kwa viza ya kazi inayodhaminiwa na mwajiri hawezi kumwacha mwajiri huyo akaishi kwa zamu za wakala. Anachoruhusiwa, kwa masharti, ni kazi ya ziada isiyozidi saa 20 kwa wiki, nje ya saa za mkataba wake. Kwa hiyo mengi ninayoyasema hapa yanamfaa zaidi mwenye ukaazi wa kudumu au uraia, ingawa sehemu ya matembezi na ya usingizi inamhusu kila anayevaa sare.

Anza na kalenda ya shule, na uanze mapema, Februari au Machi, kabla wakala hajauliza siku zako za kiangazi. Usichukue kalenda ya rafiki aliyeko mji mwingine ukadhani ni ileile. Sehemu kubwa ya Uingereza hufunga shule katika wiki ya mwisho ya Julai na kufungua mwanzoni mwa Septemba, lakini Leicester hufunga mapema zaidi, kabla ya katikati ya Julai, na kufungua Agosti ikielekea ukingoni. Desturi hiyo imetokana na enzi ambazo viwanda vya soksi na viatu vya mji huu vilifungwa kwa pamoja kwa wiki mbili za Julai, wafanyakazi wakaenda baharini. Viwanda vingi vimetoweka na likizo imebaki, nasi tunafaidika nayo, kwa kuwa kuna siku kadhaa za Julai ambazo watoto wetu wako huru huku fukwe na treni zikiwa bado hazijafurika watoto wa miji mingine. Siku hizo ziandike kwa kalamu ya wino kama zamu kamili, yenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kwa sababu siku iliyoachwa wazi kwa nia njema tu hujazwa na simu ya kwanza itakayoita.

Baada ya kuzizuia siku hizo, amua ni zamu za aina gani utakazofanya katika msimu upi. Hapa ndipo wengi wetu hujiumiza. Wakati wa muhula, zamu za usiku zinaweza kumfaa mzazi vizuri: unarudi asubuhi, unawapeleka watoto shuleni, unalala hadi karibu saa tisa alasiri, unawapokea. Shule ikifungwa, utaratibu huo unavunjika kabisa. Mtoto wa miaka mitano hawezi kunyamaza saa sita mfululizo kwa sababu mama amelala, na jua la huku nalo halisaidii, kwani mwishoni mwa Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku. Kiangazi cha kwanza nilichojaribu kuendelea na zamu za usiku nilikuwa nikiamshwa mara nne au tano kwa siku. Nilikuwa nyumbani kwa jina tu, mkali kwa kila mtu, na zamuni nilikuwa nikisoma chati ya dawa mara tatu kwa kutojiamini.

Siku hizi ninafanya kinyume. Usiku ninauachia miezi ya muhula, na likizo inapoanza ninahamia zamu ndefu za mchana za Jumamosi na Jumapili, ambazo kwa kawaida hulipwa zaidi ya siku za katikati ya wiki na ambazo huangukia wakati mwenzangu yuko nyumbani. Zamu mbili za namna hiyo hukaribia malipo ya tatu za kawaida, na siku tano zilizobaki ni za watoto. Utaratibu huu nao una gharama yake, na ni vema isemwe waziwazi: mume na mke huishi kama walinzi wanaopokezana lango. Zuia angalau wikendi mbili nzima katika likizo ambazo hakuna anayekwenda kazini, hata kama Jumatatu ya mwisho ya Agosti, ambayo ni sikukuu na hulipwa vizuri, imo ndani yake.

Fedha ya kuziwezesha siku hizo mara nyingi tayari umelipwa na umeshaitumia. Mfanyakazi wa wakala asiye na saa maalumu ana haki ya malipo ya likizo sawa na asilimia 12.07 ya ujira wake, kiwango kinachotokana na wiki 5.6 za likizo ambazo sheria inampa kila mfanyakazi kwa mwaka. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2024, mwajiri anaruhusiwa kuyaunganisha malipo hayo na ujira wa kila wiki, mradi yaonekane kando kwenye hati ya malipo. Soma hati yako. Ukiuona mstari huo, fungua akaunti nyingine na uhamishie kiasi hicho kila wiki siku ileile kinapoingia. Anayepata wastani wa pauni 400 kwa wiki kwa wiki 40 atakuwa ameweka takriban pauni 1,930 kabla ya kodi, yaani karibu ujira wa wiki tano, na Agosti ataweza kujilipa mwenyewe kama mwajiri anavyomlipa mtumishi aliye likizoni. Usipouona mstari huo, muulize wakala kwa maandishi malipo yako ya likizo yako wapi, kwa sababu huenda wanayashikilia wakisubiri uyaombe. Aliyejiajiri kikamilifu hana haki hiyo. Yeye aongeze sehemu hiyo katika bei anayotoza, na asisahau kwamba fomu ya kodi na malipo yake vinadaiwa ifikapo Januari 31, wakati ambapo starehe za kiangazi zimekwisha kusahaulika.

Ulezi wa watoto katika siku ambazo nyote wawili mko kazini unahitaji mipango miwili, si mmoja. Wa kwanza ni klabu ya likizo au mlezi aliyesajiliwa, ambao unaweza kuwalipa kupitia akaunti ya serikali ya malezi: kila ukiweka pauni 8 serikali huongeza 2, hadi kikomo cha pauni 500 kwa mtoto kila miezi mitatu, kwa masharti ya kipato na ya hadhi ya uhamiaji. Familia ambayo viza zao zinawazuia kupokea fedha za umma wasijaze fomu hiyo kabla ya kupata ushauri. Wa pili ni jirani au mwenzako wa kazi mnayepokezana watoto. Katika mtaa wetu tuko familia tatu za wauguzi, na mwezi Juni tunakaa na kalenda zetu mezani, anayefanya kazi Jumanne akimwachia watoto anayefanya kazi Alhamisi. Kupokezana bila malipo kati ya marafiki hakuna shida. Ila ukianza kumlipa mtu asiye ndugu amtunze mtoto wa chini ya miaka minane nyumbani kwa huyo mlezi kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, sheria ya England inamtaka awe amesajiliwa na Ofsted, yaani idara ya ukaguzi wa shule na malezi, au wakala wa walezi unaotambuliwa.

Mpango wa pili ndio utakaokuokoa zamu inapofutwa. Wakala akikupigia saa kumi na mbili asubuhi kusema wodi haikuhitaji tena, mlezi wa kulipwa ataidai siku yake, ilhali rafiki utamwambia tu kwamba leo watoto wote, wake na wako, wanakwenda bustanini nawe. Weka mfuko mmoja karibu na mlango kwa ajili ya siku kama hizo: masweta, mpira, chupa za maji, taulo. Mahali petu ni Bradgate Park, nje kidogo ya mji, ambako kuingia kwa miguu hakulipiwi, kulungu huonekana kwenye nyasi, na maji ya kijito cha Lin ni ya kina kifupi kiasi cha watoto kuyachezea bila kumtia mzazi wasiwasi mkubwa. Nusu siku inatosha, na chapati za jana zinatosha.

Safari ya bahari ni jambo jingine na huhitaji siku nzima pamoja na usingizi wa usiku mzima kabla yake. Watu wa Leicester tangu zamani huenda Skegness. Anayetoka Mombasa au Tanga asitarajie bahari ya kwao: maji ni baridi hata Agosti, upepo haukomi, na maji yakipwa huwa mbali sana na miguu yako. Watoto hawajali, maana kuna mchanga na kuna punda wa kupanda. Sharti langu moja ni kwamba aliyetoka zamu ya usiku asiendeshe gari siku hiyo, hata akisema yuko macho. Mwaka mmoja nilisinzia kwenye taa nyekundu, watoto wakiwa nyuma, nikaamshwa na honi. Tangu hapo tunakwenda kwa treni au kwa basi la kukodi la kanisa, na mwaka huu tumewaalika pia majirani wa msikitini wachangie viti.

Kuhusu saa za kazi, kumbuka kwamba kikomo cha kisheria ni wastani wa saa 48 kwa wiki, unaohesabiwa kwa wiki 17, na kwamba karatasi ya kukiacha kikomo hicho mara nyingi huwekwa katikati ya fomu nyingine za usajili. Si lazima uitie saini, na ukiwa umeitia unaweza kuifuta kwa kutoa taarifa. Mapumziko ya saa 11 kati ya siku moja ya kazi na nyingine yabaki palepale. Mafunzo ya lazima ya kila mwaka, pamoja na yale ya kuhuisha usajili wa NMC (baraza la wauguzi na wakunga), ambayo ni saa 35 katika miaka mitatu, yafanye Novemba watoto wakiwa darasani.

Kuna pia shinikizo la nyumbani. Muhula wa tatu wa shule za Kenya hufunguliwa mwishoni mwa Agosti, hivyo ujumbe wa ada hufika wakati uleule ambao umepunguza zamu. Waambie ndugu mwezi Mei ni kiasi gani utatuma na tarehe gani, nawe ukitenge kabla ya likizo. Na ukitaka kuwapeleka watoto kwa bibi yao, usiwatoe shuleni siku chache mapema kwa ajili ya nauli nafuu bila kuhesabu faini, ambayo kwa mara ya kwanza ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, na 160 baada ya hapo.

Wiki ya mwisho ya Agosti, sare za shule zikiwa zimenunuliwa, mtumie wakala siku zako za Septemba, zamu za usiku zikiwemo. Katika ujumbe huohuo mwambie pia tarehe za likizo fupi ya Oktoba ambazo hutapatikana.