Somo: Kuwatafuta mababu waliozaliwa kabla ya mwaka 1900

Kwa familia nyingi za Tanzania Bara, habari za mababu wa zamani hazimo kwenye intaneti. Wanazo wazee. Kwa hiyo anza na wazee, na usingoje likizo ya mwisho wa mwaka.

Hatua ya 1. Andika unaowajua: wewe, wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili. Acha nafasi wazi pale usipojua.

Hatua ya 2. Nenda kwa mzee. Peleka sukari na majani ya chai, omba ruhusa ya kurekodi, kisha msikilize. Usimuulize mwaka, muulize matukio. Wakati wa Majimaji (1905–1907), babu yake alikuwa ameshaoa? Vita vya Wajerumani na Waingereza (1914–1918) vilimkuta wapi? Aliyekuwa na mke wakati wa Majimaji huenda alizaliwa miaka ya 1880, na hapo umeshavuka 1900 bila karatasi yoyote. Akikutajia ndugu, uliza kama ni wa baba mmoja na mama mmoja, au ni mtoto wa baba mdogo, maana koo nyingi huchanganyikiwa hapo. Usiwapite shangazi na bibi: wao ndio wanaokumbuka wake wote, watoto waliofariki wachanga, na nani alirithiwa na nani. Kila habari iandikie jina la aliyekupa. Wazee wakitofautiana, andika kauli zote.

Hatua ya 3. Tafuta mahame, yaani mahali watu walipoishi zamani kisha wakahama. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi, kwa hiyo kijiji chenu cha leo huenda si walikozikwa mababu. Nenda na mwenyeji, akuonyeshe kaburi la nani liko wapi.

Hatua ya 4. Sasa nenda misheni. Bagamoyo ilianza 1868, Masasi 1876, Peramiho 1898. Mwombe paroko akuangalizie daftari la ubatizo. Babu aliyebatizwa akiwa mtu mzima mara nyingi ameandikwa pamoja na jina la baba yake, ambaye hakubatizwa kamwe. Hicho ni kizazi kizima umepata kwa mstari mmoja. Madaftari ya zamani ya Kikatoliki yako kwa Kilatini. Piga picha ukiruhusiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Sisi ni Waislamu wa pwani. Tutafute wapi?
Jibu: Hati za mashamba, wakfu na mirathi. Za zamani nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, tafuta anayezisoma. Unguja kuna Nyaraka za Taifa, Kilimani. Angalia majina yanayojirudia: katika Ali bin Juma bin Ali, mjukuu na babu ni rahisi kugeuzwa mtu mmoja.

Swali: Marehemu babu alisema alizaliwa mwaka wa nzige. Ni upi?
Jibu: Nzige walikuja zaidi ya mara moja. Linganisha na umri wa wadogo zake na wa mtoto wake wa kwanza.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasikia mama mzaa babu alikuwa mtumwa, ila nyumbani hawataki kulizungumza.
Jibu: Marahaba mwanangu. Usiwalazimishe. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, Tanganyika 1922. Wapo wazee walio hai waliolelewa na watu walioyaona hayo. Mtafute mmoja anayekuamini, mkae wawili, umwahidi kwamba hutayaweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo bila idhini yake. Uliza kwanza jina la huyo mama mzaa babu na alikotoka. Alikuwa na kwao, na huko ndiko utakakoendelea kutafuta.