Kipeperushi cha A5 kinachosomeka: hatua ninazofuata kabla ya kwenda kwa mchapaji

Mama mmoja anayeuza vitenge soko la Kibuye, hapa Kisumu, alinijia na karatasi iliyojaa maandishi pande zote mbili. Alitaka vipeperushi 1,000 vya kugawa Jumapili, siku ambayo soko hilo hufurika. Tulikaa alasiri nzima, na hizi ndizo hatua tulizofuata.

1. Maneno kwanza, kompyuta baadaye

Nilimuuliza, "Mama, mteja akikupa nafasi ya kumwambia jambo moja tu, utamwambia nini?" Akajibu papo hapo: "Fundi yuko hapa hapa." Basi kichwa cha tangazo kikawa hicho: *Kitenge yadi 6, fundi yuko hapa hapa.* "Bei nafuu" na "karibuni nyote" tulivifuta. Bei ikiwa nzuri, iandike yenyewe kwa shilingi. Vilivyobaki ni mahali kibanda kilipo, namba ya simu na namba ya till, ile ya kulipia kwa M-Pesa.

2. Ukurasa

A5 ni milimita 148 kwa 210. Ongeza milimita 3 kila upande, ili rangi ya nyuma ivuke mahali pa kukatwa. Faili itakuwa 154 kwa 216. Maandishi yakae angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia.

3. Mpangilio

Kitu kimoja kiwe kikubwa kuliko vyote, basi. Mimi hupanga maandishi yaanzie kushoto. Kuweka kila mstari katikati ni mazoea ya kadi za harusi, na jicho hulazimika kutafuta upya kila mstari unapoanzia. Fonti moja inatosha, mbili ndizo mwisho. Nafasi tupu usiione hasara. Ndiyo inayofanya kichwa kionekane. Chapa nakala kwa printa ya kawaida, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua tatu. Usipoona kichwa na namba ya till, anza upya.

4. Picha

Picha ya kujaza A5 inahitaji takriban pikseli 1,748 kwa 2,480. Ukitumiwa kwa WhatsApp, omba itumwe kama dokumenti, kwa kuwa ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa.

5. Weusi wa herufi

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima miaka iliyopita, pamoja na karatasi 1,000 za mteja. Kwenye skrini herufi zilikuwa nyeusi na kali. Zilipotoka mashineni, kila tarakimu ndogo ilikuwa na kivuli chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili. Katika namba ya till, 8 ilisomeka kama 3.

Chanzo chake ni hiki. Skrini huunda rangi kwa mwanga, mashine ya ofseti, ile kubwa ya mchapaji, huziunda kwa wino nne: samawati, majenta (wekundu wa waridi), njano na nyeusi. Weusi wa skrini ukigeuzwa na programu hauwi wino mweusi peke yake. Kwa mipangilio ya kawaida ya Photoshop huwa, kwa asilimia, samawati 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90. Kwa hiyo kila herufi hupigwa mara nne, na karatasi ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita, kingo hazikutani tena. Wino mwingi namna hiyo pia huchelewa kukauka na kuchafua karatasi inayolazwa juu yake.

Dawa ni kuweka herufi zote ndogo 0, 0, 0, 100 kwa mpangilio huo huo wa wino, yaani nyeusi tupu. Lakini usifanye hivyo kwa eneo kubwa jeusi, maana litatoka la kijivujivu. Hapo mimi huweka 60, 40, 40, 100. Herufi nyeupe juu ya weusi huo ziwe nene, la sivyo wino utazimeza. Herufi nyeusi zikikaa juu ya rangi, ziagize zichapwe juu yake bila kutoboa rangi ya chini, zisije zikazungukwa na uzi mweupe.

Kwa kazi hii natumia Scribus, programu ya kupanga kurasa, nayo ni ya bure. Toleo la bure la Canva linafaa kwa matangazo ya simu, si kwa ofseti. Inkscape naipenda kwa kuchora nembo tu. Kabla ya kutoa faili, fungua hakiki ya uchapaji ndani ya Scribus, uzime wino mweusi. Herufi zote ndogo zitoweke kabisa. Ukiona mzimu wa herufi umebaki, hiyo bado ina rangi nne. Irekebishe, uhakiki tena.

6. Faili na sampuli

Toa PDF yenye fonti ndani yake. Usimpe mchapaji faili ya kuhariri.

Kisha omba sampuli moja kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Sisi tulimpa kijana wa kibanda jirani sampuli hiyo, tukamwomba alipe shilingi 10 kwa kusoma namba ya till pale kwenye karatasi, bila kumtajia. Simu ya mama ilipolia kwa ujumbe wa M-Pesa, tukamwambia mchapaji awashe mashine.