Aliokota mkate au aliiba mkate? Namna ya kuandika habari za maafa

Nilikuwa na miezi minne tu kwenye dawati la habari za kimataifa la redio moja hapa Dar es Salaam kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya jimbo la Louisiana, Marekani, Jumatatu tarehe 29 Agosti 2005. Zamu yangu ilikuwa ya usiku: nachukua habari za mashirika ya nje, nazitia Kiswahili, nazichapa, naziacha mezani kwa msomaji wa taarifa ya saa kumi na mbili asubuhi. Usiku wa kuamkia Jumatano nikaandika: "Wakazi weusi wa mji wa New Orleans wameanza kupora maduka huku maji yakizidi kujaa."

Mhariri wa zamu, mzee mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, akalizungushia neno "weusi" duara la kalamu nyekundu.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kwenye habari, mzee."

"Nionyeshe."

Nikaisoma ile habari ya Kiingereza juu mpaka chini, mara mbili. Haikutaja rangi ya mtu yeyote. Rangi nilikuwa nimeitoa kwenye televisheni iliyoning'inia ukutani, sauti imezimwa, ikirudiarudia kipande kilekile cha watu wakitoka dukani. Mimi mwenyewe mweusi, mtoto wa Temeke, na bado mkono wangu uliandika hivyo bila kutumwa na mtu.

Nimefundisha vijana wengi tangu hapo, na mfano wangu umebaki uleule. Sijaona maafa mengine yaliyoonyesha wazi hivyo jinsi watu wanavyoamua, ndani ya siku mbili tatu, nani wa kuhurumiwa na nani wa kuogopwa. Na usiseme wewe si mwandishi. Kama una grupu la WhatsApp na kidole cha kusambaza, yanakuhusu.

Anza na kitenzi

Tarehe 30 Agosti zilitoka picha mbili ambazo mpaka leo nawaonyesha wanafunzi. Ya kwanza ni ya AP, shirika la habari la Marekani: kijana mweusi, maji yamemfika kifuani, kabeba katoni ya soda na kuburuta mfuko unaoelea. Maelezo chini yake yalisema anapita majini baada ya kupora duka la vyakula. Ya pili ilisambazwa na AFP, shirika la habari la Ufaransa: mwanamume na mwanamke, wanaonekana weupe, nao wako majini, nao wana vyakula mkononi. Maelezo yao yalisema wamepata mkate na soda kutoka duka la vyakula. Maji yaleyale, mji uleule, njaa ileile. Picha zote mbili zilikuwa kwenye ukurasa wa habari wa Yahoo, na watu walipoziweka sambamba dunia ikawaka.

Sasa hapa wanafunzi wangu hupenda kukimbilia hukumu, nami huwavuta shati. Mpiga picha wa AP alieleza kwamba alimwona yule kijana akiingia dukani na kutoka na vitu. Aliyepiga ile ya AFP akasema wale wawili hakuwaona wakiingia popote, na kwamba vitu vya dukani vilikuwa vinaelea nje. Yawezekana kila mmoja alisema kweli ya picha yake. Msomaji lakini hakuuziwa picha moja. Aliuziwa zote mbili, na kutoka hapo akajifunza nani ni mwizi na nani ana bahati.

Kiswahili chetu hakikupi pa kujificha. Tuna kuiba, kupora, kukwapua, kubeba, kuchukua, kuokota, kukuta, kujipatia. Kila kitenzi kina kesi yake ndani. Ukisema "kapora" umeshamfunga mtu. Ukisema "kaokota" umeshamwachia huru. Kwa hiyo, kabla hujachagua, chukua karatasi uandike alichofanya mwili wake tu: ametoka dukani, kabeba mkate. Umemwona akivunja mlango? Andika kavunja. Hukumwona? Basi hujui. Baki na "kabeba". Halafu fanya jaribio langu dogo: mtoe huyo mtu kwenye sentensi, mweke shangazi yako. Kama kitenzi kinabadilika, tatizo si mkate.

Na rangi, kabila au dini ya mtu? Iache nje mpaka uweze kunieleza, kwa sentensi moja, habari inapungukiwa nini ikikosekana. Mara nyingine inahitajika kweli, nitaifikia. Lakini haingii kwa sababu eti ulimi umeizoea.

Tetesi yenye cheo ni tetesi vilevile

Hapa ndipo nilipopoteza usingizi, kwa sababu nilitangaza nyingi. Tulisema wabakaji wametawala Superdome, uwanja wa michezo walikokimbilia watu waliokwama. Tulisema miili imerundikana. Wala hatukutunga: mkuu wa polisi wa New Orleans, Eddie Compass, alisema kwenye kipindi cha Oprah Winfrey kwamba watoto wachanga wanabakwa mle ndani. Meya Ray Nagin naye alizungumzia magenge ya mamia ya watu wenye silaha. Ukiwa na mkuu wa polisi na meya, utaomba shahidi gani zaidi?

Mwisho wa Septemba gazeti la mji huo, Times-Picayune, lilirudi kuhesabu. Superdome walikuwa wamekufa watu sita: wanne kwa maradhi, mmoja kwa dawa za kulevya, mmoja alijirusha. Aliyeuawa humo hakuwepo hata mmoja. Compass alijiuzulu wiki hiyohiyo. Angalia pia jambo hili, maana wengi hulisahau: Compass ni mweusi, na Nagin ni mweusi. Picha ya umati mweusi wa kutisha haihitaji mzungu ili isambae. Ilisambaa kwao, ikasambaa kwangu Dar es Salaam.

Na haikuishia redioni. Jumatano jioni, tarehe 31, polisi 1,500 waliamriwa waache kuokoa watu wakazuie uporaji. Hebu fikiria: watu bado wako juu ya mapaa. Wiki hiyohiyo gavana wa Louisiana, Kathleen Blanco, alitangaza kwamba wanajeshi wanaoingia wanajua kupiga risasi na kuua, na anatarajia watafanya hivyo ikibidi. Jumapili, tarehe 4 Septemba, kwenye daraja la Danziger, polisi waliodhani wenzao wanashambuliwa waliwamiminia risasi watu waliokuwa wakivuka kwa miguu. Wawili walikufa, wanne wakajeruhiwa. Hakuna aliyekuwa na silaha. Polisi wakapika maelezo ya uongo, na kesi ikasuasua mpaka mwaka 2016 watano walipokiri makosa mahakamani.

Sasa kanuni yangu. Kiongozi akikupa habari ya kutisha kuhusu watu waliokwama, muulize mambo matatu: umeona mwenyewe? Wapi hasa? Mwili, au majeruhi, yuko hospitali gani? Akianza kujizungushazungusha, andika "amesema, lakini hakueleza ameliona wapi". Sentensi hiyo huchusha sana hewani. Isome hivyohivyo.

Kabla hujauliza kwa nini hawakuondoka

Swali hili nalijua kwa sauti ya hapa kwetu. Desemba 2011 mafuriko yalipoua watu zaidi ya arobaini Dar es Salaam, kwenye daladala ulisikia: "Si waliambiwa wahame mabondeni? Wakaziba masikio." Sijui kama yupo aliyeuliza anayekaa Jangwani anauza wapi, anapanda gari gani, na akihamishiwa Mabwepande, nje ya mji, atarudi mjini kwa nauli ya nani.

New Orleans amri ya lazima ya kuondoka ilitolewa Jumapili asubuhi, tarehe 28. Kimbunga kilifika alfajiri ya pili yake. Mji ulikuwa na watu zaidi ya laki moja wasio na gari, katika nchi ambayo bila gari huna miguu. Na tarehe zenyewe: 28, 29 za mwezi. Mishahara haijatoka, hundi za msaada hazijatoka. Mtu wa Temeke hahitaji maelezo zaidi ya hapo; tarehe 28 hata nauli ya Mbagala inakopwa. Zaidi ya theluthi mbili ya mji walikuwa weusi, na ndio waliokuwa wengi kati ya maskini. Hapa sasa rangi inaingia, kwa sababu bila kuitaja msikilizaji hataelewa kwa nini nyuso za kwenye paa zilifanana.

Fanya hivi: kabla ya kuandika "wamekaidi", orodhesha ambavyo wewe ungehitaji ili uondoke leo usiku na watoto na bibi yako. Gari, mafuta, pesa ya nyumba ya wageni, pa kufikia. Kisha uliza ni kipi kati ya hivyo walikuwa nacho.

Uliza pia maji yametoka wapi. Sisi tuliimba "kimbunga, kimbunga" wiki nzima. Lakini mji ulifurika kwa asilimia 80 hivi kwa sababu kuta na matuta ya kuzuia maji kwenye mifereji yalibomoka, na yalisanifiwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka uliofuata mkuu wa kikosi hicho alikiri usanifu ulikuwa na kasoro. Ukisema "ni kazi ya Mungu" kabla ya kuulizia ukuta, umewasaidia waliojenga ukuta.

Jina la aliyekumbwa

Mwaka 2005 neno "mwathirika" lilikuwa gumu redioni, kwa sababu masikio ya wengi yalishalifungia kwenye Ukimwi. Ukisema "waathirika wa Marekani" unapigiwa simu. "Mhanga" nalo linanukia kafara. Mpaka leo napenda "waliokumbwa na mafuriko": refu, lakini halimgeuzi mtu kuwa kidonda.

Ila lililonitoa jasho ni "mkimbizi". Vyombo vya Marekani vilikuwa vinawaita hivyo waliotolewa New Orleans, na viongozi weusi, akina Jesse Jackson, wakaja juu: mnatuitaje wakimbizi ndani ya nchi yetu? Rais Bush naye akasema hao ni Wamarekani, si wakimbizi. Magazeti mengine yakaliacha neno, AP ikabaki nalo. Mimi nikatangaza mjadala huo kwa furaha, nikaona nimefanya kazi nzuri. Asubuhi ikaja meseji kutoka Kigoma, ambako kambi zilikuwa zimejaa Warundi na Wakongo: "Dada mtangazaji, kumbe ukimbizi ni tusi hata huko?"

Sikuwa na jibu. Kisheria mkimbizi ni aliyevuka mpaka, na waliobaki ndani ya nchi yao tunawaita wakimbizi wa ndani, hilo nililijua. Lakini aliyeniandikia hakuuliza sheria. Alikuwa amesikia watu wakilikimbia jina ambalo ndilo lililoandikwa kwenye kadi yake ya mgawo. Siku hizi mjadala wa namna hiyo nauandika kwa kueleza wanakataa nini hasa, yaani kutendewa kama wageni kwao, badala ya kuacha ionekane jina lenyewe lina uchafu.

Kura za maoni: soma pande zote mbili

Wiki moja hivi baada ya kimbunga, Pew, taasisi ya Marekani ya kura za maoni, waliuliza Wamarekani kama serikali ingewahi zaidi laiti wengi wa waliokumbwa wangekuwa weupe. Asilimia 66 ya weusi walisema ndiyo. Kwa weupe, 17. Walipouliza kama maafa yale yanaonyesha ubaguzi bado ni tatizo kubwa, 71 ya weusi walikubali na 32 ya weupe. Wote walitazama televisheni zilezile. Ukiandika "Wamarekani wengi wanaamini..." ukachukua wastani, umewafuta watu wawili ukamchora wa tatu ambaye hayupo.

Na usidhani huruma ikishatoka inagawiwa sawa. Watafiti Shanto Iyengar na Richard Morin waliwapa watu habari ya mtu aliyekumbwa na Katrina, wakimbadilisha rangi, kisha wakauliza asaidiwe kiasi gani na kwa muda gani. Mweusi alipendekezewa muda mfupi zaidi.

Ukimaliza, hesabu waliokufa kwa umri

Hili hufanywa mwisho, miezi baadaye, na karibu hakuna anayelifanya. Katika vifo vya Louisiana vilivyochunguzwa, karibu nusu walikuwa na miaka 75 na kuendelea. Wiki nzima tuliwasimulia watu habari za vijana wenye televisheni begani, kumbe waliokuwa wanakufa ni mabibi na mababu.

Ile sentensi yangu iliandikwa upya saa tisa na nusu usiku, mzee akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Iliyosomwa hewani ni hii: "Watu waliokwama mjini New Orleans bila chakula wala maji safi wameonekana wakitoka madukani na vyakula, na wengine na bidhaa nyingine, huku maji yakizidi kujaa na misaada ikiwa bado haijawafikia." Msomaji wa saa kumi na mbili alilalamika kwamba ni ndefu mno, hana pumzi. Mzee akamwambia avute kabla ya kuanza.