Kuonyesha ufinyanzi wa chungu cha mlenda kwa wageni wa makumbusho, Dodoma

Chungu huchukua zaidi ya wiki kutoka udongo mbichi hadi jikoni, na mgeni ana saa moja tu. Kwa hiyo andaa mapema vyungu vinne: kilichofika nusu, kilicholala usiku mmoja, kilichokauka kabisa na kilichochomwa. Mfinyanzi afinyange cha tano mbele ya watu, na kila akifika hatua mpya wageni wapewe cha hatua hiyo wakishike.

Usichukue udongo mweusi wa mbugani. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa sana, na chungu kinapasuka kabla ya kuuona moto. Udongo unaofaa ukiuviringisha uwe mwembamba kama kalamu unazunguka kidoleni bila kukatika. Uloweke siku mbili, toa mawe na mizizi, kisha kwa kila makopo manne ya udongo tia kopo moja la vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa na kuchekechwa. Hapa msiende haraka, maana wageni wengi hudhani vigae ni takataka. Kigae kimeshapita motoni, hakisinyai tena, nacho huacha vinjia vya mvuke kutokea. Mpe mtoto mmoja mchi atwange, wenzake watasogea wenyewe.

Anza kitako juu ya kipande cha chungu kilichovunjika, kimenyunyiziwa majivu ili udongo usigande. Hicho ndicho kinachozungushwa. Pandisha mikanda minene kama kidole gumba. Kila mkanda ubanwe kwa kidole, ndani na nje, udongo wa juu ushuke kwenye wa chini. Mkanda uliopakwa tu juujuu utaachia wakati wa kukauka, na ufa wake utaujua: umelala, unazunguka tumbo. Kutanua tumbo, kipande cha kibuyu kinasukuma kutoka ndani huku kiganja cha mkono wa pili kikipokea nje. Nje lainisha kwa gunzi bichi. Ukuta uwe karibu sentimita moja kotekote, kwa sababu kitako kinene na tumbo jembamba havikauki pamoja.

Kiangazi upepo wa Dodoma ndio mharibifu mkubwa. Hukausha mdomo kabla ya kitako, na ufa huanzia hapo. Siku mbili za mwanzo funika mdomo kwa gunia bichi, kisha acha chungu ndani ya tembe, nyumba ya asili yenye paa bapa la udongo, mbali na mlango, siku saba hadi kumi.

Siku ya kuchoma, wageni wakae upande upepo unakotoka, hatua kumi nyuma. Pasha chungu kwanza kando ya moto mdogo, ukikigeuza. Shika kipande cha kioo baridi mdomoni mwa chungu. Kikipata ukungu, maji bado yamo. Yakichemkia ndani ya ukuta, mvuke unatoa kipande kwa kishindo. Kioo kikibaki kikavu, panga vyungu vifudifudi juu ya kuni, funika kwa samadi kavu ya ng'ombe na nyasi, choma mpaka vyungu viwe vyekundu katikati ya makaa. Usivitoe mapema; vipoe ndani ya majivu hadi asubuhi. Madoa meusi si kasoro, ni mahali hewa haikufika.

Kabla ya kupikia mlenda, chemsha humo uji mwepesi wa uwele uzibe vitundu. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima hulia. Chenye sauti butu kina ufa, kivunje kiwe vigae vya onyesho lijalo.