Papasa tairi la zamani kabla ya kununua jipya

Matairi yakilika upande mmoja, usikimbilie dukani. Pitisha kiganja juu ya kashata, yaani mpira wenye mifereji unaogusa barabara, kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Kama kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama meno ya msumeno, alaimenti, yaani ulinganifu wa magurudumu, imekwenda, na hata ufunge matairi mapya yataliwa vilevile. Yakilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo; yakilika katikati, ulizidi. Mabonde-mabonde, mwambie fundi aangalie shokapu. Na kata usukani hadi mwisho uchungulie upande wa ndani. Langu lilikuwa zuri kabisa kwa nje, kumbe ndani nyuzi zimeshaanza kuonekana.

Sasa kuchagua. Ukitaka tairi linaloshika lami hasa, tafuta ubavuni neno TREADWEAR. Namba 200 ni mpira laini: unashika vizuri, unaisha upesi. 500 unadumu. Ila kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo linganisha matairi ya kampuni moja. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni, ndizo wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Gari lililotoka Japani likija na matairi yaliyoandikwa STUDLESS, usidanganywe na kashata ndefu. Hayo ni ya theluji. Kwenye lami ya Dar saa nane mchana yanalainika, gari linayumba kwenye kona, na kashata yenyewe hutaiona muda mrefu.